Kiu ya mchana, hamu ya chumvi ya jioni

Swali: Mbukwenyi daktari. Nina shamba la zabibu Hombolo na mbuzi kumi na wanne. Jua likianza kuwaka, kuanzia Septemba, dumu la lita tano nalimaliza kabla ya alasiri. Nakojoa mkojo mweupe kama maji, lakini bado nahisi sijatosheka. Jioni natamani chumvi kupita kiasi. Naiongeza kwenye mlenda mpaka mke wangu ananiondolea kopo, anasema nitapata presha. Mbuzi nao wanalamba ukuta wa bafu. Ila mama yangu, mwenye miaka 78, anakaa kutwa bila kuomba hata kikombe cha maji. Mwili unajuaje unataka maji na si chumvi, au chumvi na si maji? Na mimi nina tatizo?

Jibu: Mbukwa, ndugu yangu. Nilipofika kwenye wale mbuzi wanaolamba ukuta nilitua kidogo, maana nimekulia kwenye boma la mbuzi, na ukuta wetu nao ulilambwa hivyo hivyo mwaka hadi mwaka mpaka ukaingia bonde. Bibi yetu alisema wanatafuta munyu, na alisema kweli. Udongo ule uliolowa mkojo na maji ya kuogea ulikuwa na chumvi, na mbuzi waliijua bila kufundishwa. Niruhusu nianzie hapo, kwa sababu ukielewa mbuzi anajuaje, utajielewa na wewe, na mama utamwelewa pia.

Wengi wetu tunadhani kiu inakaa kooni. Koo linakauka kweli, lakini mwenye kuamua ni ubongo, nao unaamua kwa kuionja damu. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina sodiamu, yaani ile sehemu ya chumvi inayohusika hapa, kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Unapotoka jasho unapoteza maji mengi kuliko chumvi, hivyo damu inayobaki inakolea kama mchuzi uliosahauliwa jikoni. Ikikolea kwa asilimia 1 au 2 tu, kiu inaamka.

Kazi hiyo ya kuonja inafanywa na vijisehemu viwili vidogo sana vilivyo ukingoni mwa chemba ya katikati ya ubongo, upande wa mbele. Karibu ubongo wote umezungushiwa kizuizi kinachozuia vitu vingi vya kwenye damu visipenye. Katika vijisehemu hivi kizuizi hicho hakipo, na seli zake zinakutana na damu ana kwa ana. Damu ikikolea, maji hutoka ndani ya seli hizo, zinanywea, na kule kunywea kwenyewe ndiko kunakowasha ishara ya umeme. Ishara hiyo ikifika sehemu za ubongo zinazotambua na kutamani, wewe unasema, “Nina kiu.”

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Msweden mmoja aitwaye Bengt Andersson alilitafuta jambo hili kwa mbuzi, na nafurahi kila ninapowasimulia wanafunzi wangu wa Dodoma kwamba somo hili lilifunguliwa na mbuzi na si na mnyama mwingine. Aliingiza matone machache ya maji ya chumvi kali ndani ya ubongo wa mbuzi, eneo la haipothalamasi, lililo chini katikati ya ubongo. Mbuzi ambaye hakuwa na upungufu wowote wa maji alianza kunywa muda mfupi baadaye, tena kwa pupa. Koo lake halikuwa kavu wala mwili wake haukuwa umepungukiwa, ila ubongo wake ulikuwa umeambiwa kwamba damu imekolea, nao ukaamini.

Habari hiyo hiyo inatumika pia kuamuru homoni iitwayo vasopresini. Inatengenezwa ndani ya ubongo na kumwagwa kwenye damu kupitia tezi ya pituitari iliyo chini yake, kisha inaziambia figo zirudishe maji badala ya kuyamwaga. Vasopresini ikiwa nyingi, mkojo unakuwa mchache na wa njano iliyokoza. Ikipungua, mkojo unakuwa mwingi na mweupe. Kwa hiyo unaponiambia kwamba mkojo wako mchana ni mweupe kama maji, umenipa kipimo kizuri bila maabara. Damu yako haijakolea. Kwa upande huo ubongo umeridhika na umeshaziruhusu figo kumwaga. Ila wewe mwenyewe hujaridhika, na hapo ndipo penye fundo.

Mwili una kengele ya pili, na hii haiulizi damu imekolea kiasi gani. Inauliza damu ni kiasi gani. Kengele hii ni nzito kuamka, maana kwa kawaida hadi ujazo wa damu upungue kama sehemu moja ya kumi ndipo kiu kali ya aina hii inapokuja. Lakini ikishaamka hainyamazishwi kirahisi. Inaanzia kwenye figo. Figo zikihisi damu inayopita imepungua nguvu, au chumvi inayozifikia imepungua, humwaga kitu kiitwacho renini. Renini inakata protini moja iliyotengenezwa na ini. Kipande kinachopatikana kinakatwa tena, hasa kinapopita kwenye mapafu, na kinachobaki ni homoni ndogo yenye nguvu kubwa, angiotensini. Angalia safari yenyewe: figo, ini, mapafu, na mwisho ubongo. Angiotensini haiwezi kupenya kizuizi cha ubongo, lakini inaingia kupitia vile vijisehemu viwili visivyo na kizuizi. Mlango ni ule ule, mgeni ndiye mwingine.

James Fitzsimons wa Cambridge alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba panya aliyebanwa mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni hunywa maji sana, ingawa mwilini mwake hamjapungua hata tone. Akishaondolewa figo, kunywa kule kunapungua. Maana yake figo zilikuwa zinapeleka ujumbe. Mwaka 1970 yeye na wenzake wakatia kiasi kidogo mno cha angiotensini ndani ya ubongo wa panya walioshiba maji, na panya wale wakanywa.

Sasa tuje kwenye chumvi, maana hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Angiotensini haiagizi maji peke yake. Inakwenda pia kwenye tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo kama kofia, tezi za adrenali, na kuzifanya zitoe aldosteroni. Homoni hii inakataza chumvi isipotee kwenye mkojo, kwenye jasho na kwenye kinyesi. Hiyo ni kazi yake ya chini. Ya juu ni kwamba inakwenda kwenye ubongo na kukufanya uitamani chumvi.

Namna inavyosikika huko ilikuwa kitendawili kwa muda mrefu. Aldosteroni inatumia kipokezi ambacho homoni nyingine, kotisoli, inaweza kukikalia pia, na kotisoli katika damu ni nyingi kuliko aldosteroni mara mia na zaidi. Ni kama mtu mmoja anayekuita kwa sauti ya chini sokoni Majengo siku ya Jumamosi. Utamsikiaje? Mwaka 2006 Joel Geerling na Arthur Loewy, Marekani, walieleza kuhusu kikundi kidogo cha seli za ubongo wa panya, upande wa nyuma, karibu na pale neva inayotoka tumboni inapoingilia. Seli hizo zina kimeng'enya kinachoiharibu kotisoli ikifika tu. Kelele ya soko inazimwa mlangoni, na sauti ya aldosteroni inabaki peke yake. Panya akikosa chumvi, seli hizo zinaamka. Akila chumvi, zinalala.

Mwanasayansi mwingine, Alan Epstein, alikuwa ameonyesha kabla ya hapo kwamba angiotensini na aldosteroni zikija pamoja, hamu ya chumvi inakuwa kubwa kuliko kila moja ikija peke yake. Kuna jambo la muda pia. Kiu inakuja kwa dakika. Hamu ya chumvi kwa panya inachelewa kwa saa nyingi baada ya chumvi kupotea. Aldosteroni ni homoni ya taratibu, inabadilisha kazi za seli kutoka ndani, na kazi hiyo haifanyiki kwa kufumba na kufumbua.

Turudi Hombolo. Unapogoa zabibu tangu saa mbili asubuhi, na upepo mkavu wa huku unakausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo hujui umetoka kiasi gani. Mtu anayefanya kazi nzito juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Kila lita inaondoka na chumvi, gramu 1 kwa mtu aliyezoea joto, hadi gramu 4 na zaidi kwa ambaye hajazoea. (Aliyehamia juzi kutoka Bukoba atapoteza nyingi kuliko wewe. Baada ya kama wiki mbili za joto aldosteroni yake itakuwa imezifundisha tezi za jasho kubana.) Wewe unajaza maji matupu. Maji matupu yanaizimua damu haraka, kengele ya kwanza inanyamaza, vasopresini inashuka, na figo zinamwaga maji uliyokunywa kabla hayajakaa. Ujazo wa damu haurudi, kwa sababu maji hayakai mwilini bila chumvi ya kuyashika. Kengele ya pili inabaki ikilia kwa sauti ya chini mchana kutwa, angiotensini iko juu, aldosteroni inapanda polepole, na jioni unapokaa kwenye mlenda unalifuata kopo la chumvi.

Hivyo ndivyo ninavyoisoma hali yako, na kwa mtu wa kazi yako katika miezi hiyo naiona ni ya kawaida. Hamu ya chumvi kwa binadamu si kali kama ya mbuzi, kwa kuwa sisi tunakula chumvi kila siku hata bila kuihitaji, na ulimi wetu unaipenda kwa mazoea. Lakini imeonekana kwamba watu waliotoka jasho jingi huchagua chakula chenye chumvi zaidi kuliko walivyochagua kabla.

Hata hivyo usiniamini mpaka upime sukari. Kiu isiyoisha na mkojo mwingi mweupe ni mlango mkuu wa kisukari, maana sukari inayomwagika kwenye mkojo inaondoka na maji yake. Kipimo ni tone la damu kidoleni, na zahanati nyingi zinacho. Ukipata nafasi upime na presha siku hiyo hiyo.

Huenda umejiuliza pia kwa nini ukigugumia kikombe cha maji unapata nafuu papo hapo, ilhali maji yanahitaji dakika kumi na zaidi ili yaanze kuingia kwenye damu vya kutosha. Ubongo haungoji. Mdomo na koo vinahesabu mafunda na kupeleka taarifa, na seli za kiu zinatulia ndani ya dakika moja hivi. Watafiti wa California waliozisikiliza seli hizo za panya moja kwa moja mwaka 2016 waliona hata ubaridi mdomoni unazituliza, na ndiyo maana maji ya mtungi yanakata kiu kuliko ya dumu lililokaa juani. Ubaya wake ni kwamba ubaridi unaweza kukuachisha mapema. Lakini huo ni mkopo tu. Baadaye utumbo unapeleka taarifa yake kuhusu maji yenyewe, na yakiwa yamekolea chumvi, seli za kiu zinaamka tena. Wasafiri wa misafara ya zamani waliokatiza nyika ya Marenga Mkali, upande wa Mpwapwa, waliujua ukweli huo kwa miili yao: maji yenye chumvi kali unayanywa, unashusha pumzi, kisha kiu inarudi.

Chumvi nayo ina mkopo wake. Kwa panya wenye njaa ya chumvi, ladha yake kwenye ulimi inazituliza seli za hamu mara moja, lakini chumvi hiyo hiyo ikipelekwa tumboni bila kupitia ulimi haizitulizi kwa haraka hiyo. Ulimi una sauti kubwa katika jambo hili. Kwa hiyo hamu yako jioni inaweza kuridhika kwa kuionja tu, hata kwa kiasi kidogo, na huna haja ya kuumimina mlenda wote.

Hapa naomba nikusimulie kisa kimoja, maana tangu nikisome nikiwa mwanafunzi sijawahi kukisahau. Mwaka 1940 watafiti wawili wa Baltimore, Marekani, Lawson Wilkins na Curt Richter, waliandika habari za mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu. Mtoto huyo alikuwa akila chumvi kwa mkono. Aliilamba kwenye biskuti na kuacha biskuti, na “chumvi” lilikuwa miongoni mwa maneno yake ya mwanzo kabisa. Wazazi wake hawakuelewa, ila walimwachia. Alipolazwa hospitali kwa uchunguzi alipewa chakula cha wodi kama watoto wengine, chenye chumvi ya kawaida, na haikupita muda mrefu akafariki. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha kwamba tezi zake za adrenali zilikuwa zimeharibika. Hakuwa na aldosteroni, chumvi ilimtoka kwenye mkojo usiku na mchana, na ile tabia iliyowashangaza watu ndiyo iliyokuwa imemweka hai. Richter mwenyewe alikuwa ameonyesha miaka michache kabla kwamba panya walioondolewa tezi hizo wakiachiwa chumvi wanaila kwa wingi na kuishi, na wasipoipata wanakufa.

Lakini nilikuambia aldosteroni ndiyo inayoleta hamu, na mtoto huyu hakuwa nayo. Alitamani vipi? Kwake angiotensini ilikuwa juu sana, maana figo hazikuacha kulia, na inavyoelekea ndiyo iliyobeba hamu yote. Mwili una njia zaidi ya moja ya kudai jambo lisiloweza kungoja.

Nimekisimulia kwa sababu ugonjwa huo upo kwetu pia. Kifua kikuu kinaweza kuzila tezi za adrenali kimya kimya. Ukiona mtu anatamani chumvi wakati hatoki jasho jingi, anakonda, anachoka bila kazi, anapata kizunguzungu akisimama, na mistari ya viganja au ufizi wake unakuwa mweusi kuliko ulivyokuwa, mpeleke hospitali na useme wazi juu ya chumvi. Usione haya kulitaja. Madaktari wengi hatuulizi.

Mke wako naye ana hoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye chakula. Mtu anayelowa jasho shambani kutwa ana nafasi zaidi kwa siku hizo, ila hamu ikishakuwa mazoea inaendelea hata masika ukiwa umekaa kivulini, na hapo presha inapata njia. Mimi ningekushauri uihamishe chumvi kutoka jioni iende mchana. Kunywa uji wa uwele wenye chumvi kidogo asubuhi, na saa sita kula kitu chenye chumvi pamoja na maji, karanga au kiporo cha ugali na mboga. Maji yatakaa, na jioni utashangaa kopo halikuiti. Iwe chumvi yenye madini joto. Ile ya kukwangua mbugani waachie mbuzi, isije ikakuletea rovu, ule uvimbe wa shingo wa kukosa madini joto. Na ukipimwa presha ikakutwa juu, shauri hili linabadilika, zungumza kwanza na daktari aliyekupima.

Mama yako ndiye anayenitia wasiwasi zaidi yenu wote. Mwaka 1984 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliowalinganisha wazee wenye afya njema na vijana, wote wakiwa wamekaa saa 24 bila maji. Damu ya wazee ilikolea hata zaidi, lakini walihisi kiu ndogo, na walipopewa maji walikunywa machache. Ubongo wa mzee unaonja damu kama zamani, ila kilio chake hakimfikii kwa nguvu. Figo zake nazo hazibani maji vizuri kama za kijana. Nikiwa daktari mwanafunzi nilimpokea bibi aliyeletwa na wajukuu, anaita majina ya watu waliokufa zamani. Kila mtu alisema ni malaria imempanda kichwani. Vipimo vya malaria vilikuwa safi, sodiamu ilikuwa juu mno. Kwa siku nne alikuwa amekunywa chai ya asubuhi tu, na hakuna aliyemnyima maji, ila naye hakuomba.

Basi usimngoje mama aombe. Mpelekee kikombe kwa saa zilizopangwa: anapoamka, kila anapokula, na kila wewe unapotoka au kurudi shambani. Mtilie uji mwepesi, chai, maji ya ubuyu, chochote anachokipenda. Angalia kama anatumia vidonge vya presha. Vingi kati yake, kama losatani na enalaprili, vinafanya kazi kwa kuikatiza ile ile angiotensini, na vingine vinakojosha. Ni dawa nzuri na asiache, lakini akiharisha au kutapika mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, maana njia za mwili wake kujitetea zimefungwa kwa makusudi. ORS ya paketi, moja kwa lita moja ya maji safi, ina chumvi na sukari kwa vipimo vinavyoufanya utumbo unyonye maji. Usimtengenezee kwa kukisia.

Kwa mbuzi, nunua jiwe la chumvi duka la mifugo, ulitundike kwenye zizi pasipofikiwa na mvua. Majani yana sodiamu ndogo sana, na mbuzi hana kopo la kuongezea. Wataacha ukuta wako ndani ya siku chache. Ila weka na maji karibu siku hiyo ya kwanza, maana watalamba hadi washibe, na saa hiyo hiyo watataka kunywa.